Leseni ya mkusanyaji wa bunduki za zamani Marekani: mwongozo kwa Waganda walio kule na jamaa zao huku

Leseni yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: fomu moja, dola 30, na inadumu miaka 3. Hiyo ni kama shilingi laki moja na kitu za Uganda. Kinachowaponza watu ni mipaka yake. Wapo wanaodhani imewafungulia duka, wapo wanaodhani inafuta sheria za jimbo wanaloishi, na wapo, hasa miongoni mwetu, wanaodhani kwamba bunduki iliyonunuliwa kihalali Texas inaweza kufungwa ndani ya pipa la nguo na viatu ikafika Kampala salama. Kwa hiyo hapa tutazipita haraka hatua zilizo rahisi na kukaa zaidi pale watu wanapoanguka.

Leseni inayozungumzwa ni ya Marekani, ya serikali kuu, ile inayojulikana kama aina ya 03. Inatolewa na ATF, idara ya shirikisho inayoshughulikia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Hapa Uganda mambo ya bunduki yako chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 na mikononi mwa polisi. Hayo yamewekwa mwishoni.

Anza na mwaka wa kutengenezwa

Kabla ya kugusa fomu, jua unataka kukusanya nini, kwa sababu huenda huhitaji leseni kabisa.

Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, inahesabiwa kuwa ya kale na haihesabiwi kuwa silaha ya kudhibitiwa. Inanunuliwa kama saa ya ukutani. Hapa historia yetu inaingia moja kwa moja: bunduki za Snider ambazo Lugard, ofisa Mwingereza, aliwagawia Waprotestanti kabla ya vita vya Mengo vya Januari 1892 ni za kundi hili, na Martini-Henry zilizofuata nazo vivyo hivyo, mradi tarehe iwe ndani ya mstari huo. Chombo kilichoamua nani atatawala Buganda, leo Mmarekani anakiagiza kutoka kwa mwenzake kwa posta bila kuulizwa kitu na serikali kuu. Majimbo machache yana maneno yao hata juu ya hizi, kwa hiyo uliza jimboni kwanza.

Kundi la pili ndilo la leseni hii: bunduki za kumbukumbu. Mlango mkuu wa kuingia humo ni umri wa miaka 50 kamili tangu kutengenezwa, na hesabu hiyo inasogea kila siku. Bastola iliyotoka kiwandani Machi 1976 inaingia Machi 2026, si Januari. Milango mingine ni miwili: mtunza makusanyo wa makumbusho ya serikali athibitishe kwamba ina thamani ya makumbusho, au iwe na thamani kubwa inayotokana na uadimu wake au kuhusiana kwake na mtu au tukio la kihistoria. ATF huchapisha orodha ya zilizokubaliwa kwa njia hizo. Kwa mnunuzi wa kawaida, shika miaka 50 na orodha. Mengine waachie wenye makumbusho.

Sharti ambalo wengi hulisahau ni kwamba bunduki iwe katika umbo lake la asili. Lee-Enfield ya mwaka 1942 iliyokatwa mtutu, ikavuliwa mbao za mbele na kuwekewa kitako cha kisasa cha kuwindia, ina umri wa kutosha lakini imepoteza sifa. Nakala mpya za bunduki za zamani nazo haziingii, hata zikifanana nazo kama pacha.

Kundi la tatu ni silaha nyingine zote. Kwa hizo mwenye leseni ya 03 ni raia kama wengine: anakwenda dukani, anajaza fomu ya mnunuzi, anasubiri kuchunguzwa. Bunduki za rashasha, hata za mwaka 1918, zina sheria yake tofauti na usajili wake. Leseni hii haiondoi masharti hayo.

Kusoma mwaka kunataka mazoea. SMLE ya Kiingereza, yaani Lee-Enfield fupi, ina taji, aina na mwaka upande wa kulia wa kikombe cha chuma kinachoshika kitako, nyuma kidogo ya komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Mosin-Nagant ya Kirusi ina tarehe juu ya chemba, pale risasi inapokaa, pamoja na nyota ya Tula au mshale ndani ya pembetatu wa Izhevsk. Mauser K98k ya Wajerumani ina mwaka na alama ya kiwanda juu ya mviringo wa chemba. SKS, bunduki ya jeshi ya Kichina, mara nyingi haina mwaka, na wakusanyaji hukadiria kwa nambari: kwa zile za kiwanda cha 26, tarakimu za mwanzo zikijumlishwa na 1956 hutoa mwaka. Hayo ni makadirio ya wakusanyaji tu; usiyapeleke kwa mkaguzi kama ushahidi pekee.

Angalia pia mwili wa bunduki, yaani kile kipande kinachobeba komeo na nambari, kwa sababu ATF huhesabu umri kwa hicho. Ndiyo maana M39 za Kifini, bunduki za aina ya Mosin ambazo ziliunganishwa karne ya 20, nyingine huhesabiwa kuwa za kale kabisa: Wafini walitumia miili ya Kirusi ya miaka ya 1890, na tarehe imefichwa kwenye ulimi wa chuma chini ya mbao. Muuzaji mzuri ataivua mbao na kukutumia picha. Asiyetaka kuivua, usimlipe bei ya kale.

Hati yako ya ukaazi

Hapa ndipo Mganda anapaswa kusimama na kusoma mara mbili.

Aliye na viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi ya H-1B au ya kutembelea, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki au hata kupokea bunduki. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo mojawapo, na kuna watu wanaoutumia, lakini lazima leseni hiyo iwe hai wakati wote na nakala iambatishwe. Ikiisha Desemba na bunduki ziko kabatini Januari, umeshaingia kosani.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Ataandika nambari yake ya uhamiaji kwenye fomu. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia naye hana shida. Aliye katikati, mwenye kesi ya hifadhi isiyoamuliwa au viza iliyokwisha, asiandike kitu chochote kwenye fomu hiyo kabla ya kuketi na wakili wa uhamiaji. Jibu la uongo ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini hata akiwa na kadi ya kijani. Mtu ameishi Waltham miaka 15, ana nyumba na watoto, anarudishwa Entebbe kwa sababu ya bunduki ya dola 400. Hasara ya namna hiyo hailingani na mchezo wenyewe.

Masharti mengine ni ya wote. Umri miaka 21 na zaidi. Usiwe umewahi kuhukumiwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani (si adhabu uliyopewa, bali ambayo ungeweza kupewa). Usiwe na hukumu ya kumpiga mke, mume au mtu wa nyumbani, hata iwe ndogo. Usiwe chini ya amri ya mahakama ya kukuzuia kumkaribia mwenzi wako. Usiwe umewahi kulazwa kwa nguvu ya sheria kwa ugonjwa wa akili. Na bangi: hata katika majimbo inayouzwa madukani kwa stakabadhi, sheria ya shirikisho bado inamhesabu mtumiaji kuwa amekatazwa. Vijana wengi hujikwaa hapo kwa kudhani ruhusa ya jimbo inatosha.

Sheria ya jimbo ndiyo ngumu zaidi

Leseni ya 03 ni ya serikali kuu na haimtoi mtu chini ya sheria ya jimbo lake. Massachusetts, ambako Waganda ni wengi, hata bunduki ndefu inataka leseni ya jimbo itolewayo na polisi wa mji. Illinois wana kadi yao ya kumiliki silaha, FOID. New York hakuna bastola bila leseni, na mjini New York hata bunduki ndefu ina kibali chake. California wana vyeti na usajili unaomfuata mkusanyaji. Kwingine, kama Texas, mambo ni mepesi zaidi.

Utaratibu unaofaa ni kupata ruhusa ya jimbo kwanza, kisha kuomba ya shirikisho. Ukifanya kinyume utakuwa na karatasi ya dola 30 ambayo muuzaji ataikataa, kwa sababu wauzaji wa majimbo mengine wanajua sheria za jimbo lako kuliko wewe.

Fomu, malipo na nakala ya polisi

Fomu ni moja, ATF Fomu 7/7CR, inayotumika kwa wauzaji na wakusanyaji. Inapatikana kwenye tovuti ya ATF. Hatua zake ni hizi:

1. Chagua aina ya 03. Ukiweka alama kwenye 01 kwa makosa, umeomba leseni ya biashara ya silaha, yenye ada nyingine na ukaguzi mwingine.

2. Jaza jina kamili kama lilivyo kwenye kadi yako. Majina yetu huleta fujo: jina la ukoo mbele kwenye pasipoti ya Uganda, nyuma kwenye leseni ya udereva ya Marekani, na la ubatizo limerukwa katikati. Fuata hati moja ya Marekani kila mahali, na majina mengine uyaandike pale wanapouliza majina uliyowahi kutumia.

3. Andika anwani ya mahali unapoishi. Sanduku la posta halikubaliwi kuwa makao ya mkusanyo. Andika na kaunti. Watu wengi huijua miji yao na hawaijui kaunti.

4. Jibu maswali ya ndiyo na hapana moja baada ya jingine. Swali lililoachwa wazi hurudisha fomu nzima.

5. Weka sahihi na tarehe kwa wino kwenye nakala unayotuma.

6. Tuma nakala ya fomu kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Huombi idhini yake, unampa taarifa. Jina la ofisi yake na anwani lazima viwe kwenye fomu. Tuma kwa posta yenye stakabadhi na uitunze stakabadhi hiyo.

7. Lipa dola 30 kwa hundi au kwa kadi, kwa kujaza sehemu yake kwenye fomu, na utume kwa anwani iliyochapishwa kwenye maelekezo ya fomu ya sasa. Usitumie anwani uliyoipata kwa rafiki aliyeomba miaka 6 iliyopita. Anwani ya kupokea malipo imewahi kubadilika.

Kwa mkusanyaji hakuna alama za vidole wala picha. Hizo ni kwa waombaji wa leseni za biashara. Ombi lililokamilika lina siku 60 za kushughulikiwa. Likikaa zaidi ya hapo, karibu kila mara sababu ni sahihi iliyosahauliwa, hundi isiyo na jina sawa na fomu, au sehemu ya mkuu wa polisi iliyoachwa tupu. Kituo cha leseni kiko Martinsburg, West Virginia, na wanapokea simu.

Leseni imefika: inatumikaje

Faida yake kubwa ni moja: bunduki ya kumbukumbu inaweza kuvuka kutoka jimbo jingine hadi mlangoni kwako bila kupitia duka la bunduki, na bila fomu ya mnunuzi na uchunguzi wa kila mara, kwa kuwa ulishachunguzwa wakati wa kuomba. Unatia sahihi kwa wino kwenye nakala ya leseni, unamtumia muuzaji kwa posta au barua pepe, naye anaihakiki kwa ATF. Mzigo unakuja kwenye anwani iliyo kwenye leseni. Hauendi kazini kwako, hauendi kwa shemeji, hauendi kwenye duka la kupokelea vifurushi.

Ukihama, peleka taarifa ya kubadilisha anwani angalau siku 30 kabla ya kuhamisha mkusanyo. Watu wetu huhama sana, chumba hiki mwaka huu, nyumba ile mwaka ujao, na hili ndilo kosa lao la kawaida kuliko yote. Bunduki iliyoletwa kwenye nyumba isiyo kwenye leseni ni mzigo uliopokelewa nje ya leseni.

Leseni haikupi ruhusa ya kuuza kama biashara. Kuuza moja ili kununua bora zaidi ni sehemu ya ukusanyaji. Kununua Mosin 5 kwa bei ya jumla na kuziuza kwa faida wiki inayofuata ni uchuuzi, na uchuuzi una leseni yake ya 01. Kumnunulia mtu mwingine kwa pesa yake kwa kuwa yeye hana leseni ni kosa kubwa zaidi, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Daftari

Kila mwenye leseni ya 03 lazima awe na daftari la kuingia na kutoka. Linaweza kuwa la kununua au lako la kupiga mistari, mradi lishonwe, kurasa zisichomoke. Upande wa kuingia una safu hizi: tarehe, mtengenezaji na mwagizaji kama yupo, modeli, nambari ya bunduki, aina yake, kaliba (kipimo cha risasi), na jina na anwani ya aliyekupa (au nambari yake ya leseni akiwa nayo). Upande wa kutoka: tarehe, jina na anwani ya aliyepokea, na asipokuwa na leseni, tarehe yake ya kuzaliwa na kitambulisho alichoonyesha.

Ununuzi unaandikwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Mauzo yana siku 7. Kosa la kawaida ni kuandika modeli mahali pa mtengenezaji: «Mosin» si mtengenezaji, mtengenezaji ni Tula au Izhevsk. Jingine ni kuacha jina la mwagizaji, ambalo huwa limechongwa kwa herufi ndogo kwenye mtutu karibu na mdomo. Likiwepo, liandike. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi kando, weka tarehe na herufi za jina lako. Usitumie rangi nyeupe ya kufutia. Mkaguzi akiiona atataka kujua ulichoficha.

ATF wana haki ya kukagua mara moja kwa mwaka. Mkusanyaji, tofauti na mwenye duka, anaweza kuchagua ukaguzi ufanyike kwenye ofisi yao iliyo karibu badala ya nyumbani. Kwa anayeishi na watoto na wageni wa kila Jumapili, hilo ni jambo la kulitumia. Bunduki ikiibwa au kupotea, una saa 48 tangu ugundue: polisi wa eneo na ATF wote wajulishwe.

Mzigo umefunguliwa: usafi na usalama

Bunduki za ghala la jeshi huja zimezama kwenye girisi ya kahawia inayonata kama ulimbo. Tumia tarpentini isiyo na rangi na kitambaa kwa chuma. Kwa mbao, funga kwenye mfuko mweusi wa takataka juani. Joto litaivuta girisi nje, nawe unapangusa kila saa. Usipige mbao msasa na usitie chuma rangi upya. Alama za ukaguzi, mihuri ya vikosi na hata mikwaruzo ndiyo thamani yake. Bunduki iliyong'arishwa inaweza kupoteza nusu ya bei yake kwa asubuhi moja.

Girisi ikibaki ndani ya komeo la SKS ni hatari ya kweli. Pini yake ya kupigia huelea bila springi katika nyingi ya hizo, na ikigandishwa mbele na girisi, risasi inaweza kulipuka komeo likijifunga, kisha nyingine na nyingine bila kidole kugusa kifyatulio. Vua komeo lote, toa pini, osha tundu lake mpaka ukitikisa komeo usikie pini ikicheza kwa uhuru.

Risasi za zamani za nchi za Mashariki nyingi zina fataki (kile kinachowasha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu kwa siku chache. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Pitisha maji ya moto kutoka upande wa chemba kwa faneli, kausha, ndipo utie mafuta. Kwa SKS osha na bomba la gesi na pistoni yake.

Nyingine si za kupigwa kabisa. Springfield M1903 ya Kimarekani yenye nambari chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, au chini ya 285,507 kutoka Rock Island, ilipashwa moto kwa njia iliyoacha chuma kikavu kama kigae, ziache ukutani. Arisaka za mafunzo za Kijapani zilitengenezwa kwa chuma laini cha kalibu, na hazikukusudiwa risasi halisi. Mauser za mwanzo za milimita 8 zina kipenyo cha inchi .318, na risasi ya baadaye ya .323 itabanwa humo kwa shinikizo la hatari. Kwa bunduki nyingine yoyote, nambari ya komeo ilingane na ya mwili, na fundi wa bunduki apime nafasi ya chemba kwa vipimo vyake kabla ya risasi ya kwanza.

Kuhusu bandia, jihadhari na Martini zilizofuliwa na mafundi wa mpakani mwa Afghanistan na Pakistan. Taji limechongwa vibaya, herufi imegeuka, tarehe haifanani na modeli. Ni vitu vya kuvutia, lakini si vya kupiga, na umri wake hauthibitiki.

Pipa, kontena na Entebbe

Leseni ya 03 haina neno lolote juu ya kutoa bunduki Marekani. Kwa hilo kunatakiwa kibali cha Wizara ya Biashara ya Marekani, na upande wa huku kibali cha serikali ya Uganda kilichopatikana kabla ya mzigo kuondoka. Kontena la Kampala hupita Mombasa na Malaba, kwa hiyo bunduki iliyofichwa humo inavunja sheria za nchi tatu, na mwenye jina kwenye hati za mzigo ndiye anayekamatwa. Mara nyingi ni mama au kaka aliyetumwa kukomboa mzigo bila kujua. Vipande navyo vihesabu hivyo hivyo: mwili wa bunduki na komeo si «vyuma chakavu», na risasi 5 za ukumbusho ni risasi.

Huku nyumbani, Lee-Enfield ya zama za King's African Rifles inayoweza kupiga ni bunduki sawa na nyingine, hata kama haijafyatuliwa tangu enzi za mkoloni. Akifariki mzee na kukutwa na kitu hicho darini, msikibebe kwenye boda boda kukipeleka kituoni. Kiacheni kilipo, fungeni chumba, mwiteni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, awe shahidi, na polisi waje wakichukue wenyewe; waombeni hati ya kukabidhi yenye nambari ya bunduki. Mwenye hamu ya historia ana nishani, vyeti vya kuachishwa jeshi, picha na barua za kukusanya, ila sare na vifaa vya jeshi la sasa raia haruhusiwi kuwa navyo. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 kwenye ngome ile ile ya Lugard huko Old Kampala na sasa yako Kitante, ndiyo mahali pa kuulizia kitu kinachostahili kuhifadhiwa.

Limebaki suala la urithi. Leseni hufa na mwenyewe. Haimwendei mjane wala musika, yaani mrithi. Mkusanyaji aliye Marekani aandike kwenye wosia jina la msimamizi anayeishi humo, asiyekatazwa na sheria, na aambatishe nakala ya daftari na picha za kila nambari. Msimamizi atampa muuzaji mwenye leseni ya 01 auze kwa kamisheni, na fedha ndizo zitakazotumwa Masaka au Jinja. Tofauti ya bei kati ya bunduki yenye maelezo na isiyo nayo ni kubwa, kwa hiyo kando ya kila nambari aandike pia alinunua kwa kiasi gani na kwa nini aliiona ya pekee.